Salma, Mimi Nilisomea Barazani

Mjukuu wangu Salma,

Sisi huku ughaibuni, hapa Riverdale Park, tu wazima, shangazi yako yuko kazini. Eti unaogopa ukisomea sekondari nyumbani badala ya shuleni utakuwa mjinga? Nyamaza! Mimi kushona kofia nilijifunza barazani kwa Bi Mize, na hodari kama yule sijaona tena. Kofia yangu ya kwanza, ya harusi ya mjomba wangu, niliipima ikamkaa sawasawa. Ilipofuliwa ikarudi, ikanywea, ikawa kama kikombe cha kahawa juu ya kichwa. Nikamlilia Bi Mize, "Mbona hukuniambia kofia mpya hurudi?"

Akacheka. "Ningekuambia, ungesahau."

Akanikalisha, nikaanza nyingine, hii nikaiachia nafasi ya kurudi. Hiyo mjomba aliivaa mpaka ikachakaa.

Basi soma hapo nyumbani. Ukiharibu, nipigie kwa video unionyeshe. Sitakusifu; nitakukalisha uanze tena, kama Bi Mize.

Bibi yako