Makaa Uliyompelekea Mdachi

Mama,

Shikamoo. Mkono umezoea kuanza hivyo, ingawa wa kuitikia hayupo.

Nimechoka, mama. Tangu tukuzike silali vizuri, na miguu haijapona kupandisha masanduku ya yule Mdachi wa nyota. Ndiye aliyetuambia kwamba zamani mwenzao mmoja aliupitisha mwanga wa jua kwenye kioo ukatawanyika rangi, akaweka vipimajoto, na joto kali zaidi akalikuta pembeni ya nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu. Ukaninong'oneza, "Huyu hajawahi kushika chungu."

Joto la mwezi walishalipata kwa vyombo vyao. Yeye amekuja mlimani kwetu kutafuta la nyota. Jioni ile baridi ilikuwa kali, nawe ukaona mgeni hawezi kukaa bila moto. Ukambebea makaa kwenye kigae, ukayaweka kimyakimya karibu na sanduku la chombo chake cha kupimia joto. Sindano ya chombo ikaruka. Mdachi akadhani ni joto la nyota, akanishika mabega, akacheka peke yake. Kisha akageuka, akakuona unapuliza makaa. Sijapata kuona mtu akinywea vile. Ukamwambia, "Basi njoo ule."

Juzi alimwamuru jumbe mioto yote ya huku juu izimwe jioni, sindano isidanganywe tena. Na moto wako wa matanga pia. Mama wadogo wakanitazama mimi, kwa kuwa ndimi niliyekula mshahara wa Mdachi. Nilikuwa nimechoka hata kubishana. Nilimwendea nikamwambia moto wa mama yangu hauzimwi mpaka tuanue matanga. Akasema nifunge masanduku, atahamia mlima mwingine na mpagazi mwingine.

Kabla sijafunga, nilikigeuza kile chombo kuelekea kaburini kwako. Si alisema kinahisi joto la vitu vilivyo mbali mno? Nilisubiri, mama. Sindano haikutikisika. Nililia pale pale, mtu mzima mimi. Nikakigeuza uani, walikokaa mama wadogo wakiuzunguka moto wako, ikaruka.

Basi pumzika. Moto nitaukoka mwenyewe mpaka siku ya mwisho. Na huyo Mdachi akirudi na baridi yake, nitampelekea makaa, nitayaweka pale pale ulipoyaweka wewe.

Mwanao