Furaha Yako ni Yetu

Gungu, 3 Juni 2024

Shikamoo mama mdogo,

Bibi anaendeleaje huko Kasulu? Sisi wazima, tena mimi nazidi kunenepa kwa raha. Ndoa tamu, mama mdogo. Asubuhi Telesphory ananichemshia chai, tunakunywa kikombe kimoja na vingine vipo kabatini.

Wateja wako wa dagaa ulioniachia usiwawazie. Telesphory ameitegesha simu iwajibu yenyewe, nisiinuke kila dakika. Maneno tumeyatunga wote wawili, tukicheka: "Mpenzi mteja, tumefurahi sana kwa ujumbe wako! Furaha yako ni yetu." Nikitoka kununua dagaa Kibirizi nawatumia mizigo yao ya kawaida kwa bodaboda, basi.

Mwanao,
Elida


Kasulu, 11 Juni 2024

Marahaba Elida,

Bibi anakula vizuri, anakusalimu.

Mama Bariki wa Katubuka amenipigia. Hakulalamika, aliniuliza tu kama uko mzima. Jumamosi alikuandikia kwamba mumewe amefariki, usihangaike na dagaa wake. Ukamjibu kwamba umefurahi sana.

Yule si mteja tu. Kwenye harusi yako alikuwa jikoni tangu alfajiri. Fungua simu usome. Halafu usimwandikie neno, nenda.

Mama yako mdogo,
Devota


Katubuka, 14 Juni 2024

Shikamoo mama mdogo,

Natumaini bibi hajambo. Mimi mwili mzima, uso ndio sina pa kuuweka.

Nilisoma. Chini ya maneno yetu Mama Bariki alijibu, "Asante mwanangu." Simu ikamwambia tena kwamba imefurahi sana. Nililia mpaka Telesphory akaogopa.

Nilifika msibani na dagaa wa kupika, nikamkuta mkekani. Nilitaka kumweleza mambo ya simu, nikaacha. Nikapiga magoti tu. Wifi yake akauliza, "Huyu ndiye Furaha Yako ni Yetu?" Mmoja wa wanawake akacheka. Mama Bariki akasema taratibu, "Mwacheni. Nilijua ndoa imemnogea, akatusahau."

Mama mdogo, afadhali angenitukana.

Sijaondoka. Nasugua masufuria, nateka maji, nalala mkekani pamoja nao. Leo ameniuliza kama nimekula. Kesho wanaanua matanga. Telesphory anauliza narudi lini. Nimemwambia aje yeye, apasue kuni, kisha aingie ndani ampe mama yule mkono wa pole.

Mwanao,
Elida