Wanakutafuta kwa Upendo

Dada yangu mpendwa,

Nakusihi, kabla hujafika mstari wa pili: usimsomee mtu yeyote maneno haya, hata huyo rafiki anayekulaza kwake, hata kama amekuhifadhi vizuri namna gani. Yasome peke yako, kisha yatie jikoni chini ya sufuria mpaka yawe majivu. Sitaandika jina lako humu, wala la mahali ulipo, wala la yule mwanamume. Unajua mimi ni mwoga. Ulikuwa ukinitania kwamba hata nikitumwa chumvi dukani huuliza kwanza kama kuna mbwa njiani. Safari hii mbwa yuko, dada, na waliomfungulia ni watu wanaokupenda.

Wameirudisha *Ufuo wa Pili* kwenye televisheni. Inaonyeshwa kila Jumapili jioni, na katikati ya wiki watu hukata vipande vyake na kutumiana kwenye simu. Sijui kama huko uliko umekwisha kujiona. Mimi nilikuona bila kutarajia, kibandani ninakokula mchana, kwenye simu ya mtu wa meza ya pili. Ulikuwa umesimama majini na lile gauni jeupe. Nilisukuma sahani pembeni.

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi watu wa televisheni walipokuja kwetu Asembo wakitafuta msichana mwembamba asiyeogopa maji, wa kuigiza mzimu. Unakumbuka jinsi ulivyofanya mazoezi? Ulijipaka unga wa ngano usoni, ukasimama nyuma ya mlango bila kupepesa macho, na mimi nikavaa koti la marehemu Baba na kuwa mume wako anayekuita ufuoni. Ulinirudisha tena na tena mpaka sauti ikanikauka. Ulisema naita kama mtu anayeita kuku. Mama naye alikuzuia mlangoni. "Kaoshe huo uso wa maiti kwanza," alikwambia. "Nyumba hii haijaalika mgeni wa aina hiyo." Ulienda ukaoshea nje kwenye karai, huku ukicheka mpaka unga ukakuingia kinywani.

Na ilipoanza kuonyeshwa, kijiji kizima kilijaa sebuleni kwa mwalimu, wewe ukiwa umekaa sakafuni nyuma yetu. Mtoto wa jirani aligeuka, akakuona, akatoka mbio na kuacha viatu vyake. Kwa muda mrefu kila ulipofika kusaga mahindi kwenye posho mill watu walikupisha mbele ya foleni, na Mama akawa anakutuma wewe makusudi.

Nakukumbusha haya kwa sababu ndiyo ninayoyashika ninapowasikia wakibishana juu yako. Ofisini kwetu, kule masjala, hawazungumzi kitu kingine. Kuna Bwana Okeyo, ninayekaa naye meza moja, mtu mzima, mpole, ambaye alinifundisha kazi kwa uvumilivu. Yeye ndiye aliyeanzisha kundi la mashabiki kwenye simu. Na kuna Mama Risper, mkuu wetu, anayepinga kila anachosema Okeyo. Wanaikumbuka tamthilia hiyo kama watu wanavyokumbuka ujana wao. Wanazitaja zile taa za koroboi, magauni ya zamani, muziki wa benga unaosikika kutoka ng'ambo ya maji kabla hujatokea.

Wanachogombania zaidi ni ile sehemu ya mwisho. Umezama siku chache baada ya harusi, umezikwa kwa mumeo kama mila inavyotaka, lakini mzimu wako hautaki kukaa huko. Kila jioni unarudi ufuoni kwa mama yako. Mume anakuja kukuita, nawe unarudi kinyumenyume, unaingia majini, ukimtazama. Mama Risper anasema aliyeandika hadithi hiyo hakutujua. Mwanamke wa Kijaluo, anasema, hata akifa na hasira yake, atadai kaburi lake kwa mumewe, hawezi kulikimbia. Na kuhusu uigizaji wako, anasema uliharibu palepale, kwa sababu ulionyesha hofu badala ya kutisha.

"Maiti anaogopa nini tena?" aliuliza siku moja tukila mchana, na kibanda chote kikacheka.

"Mama, hayo macho si ya kuigiza," Okeyo akamjibu. "Huyo msichana alikuwa anajua kitu."

Nilitamani kuwaambia ulichokuwa unajua. Ulikuwa unajua kwamba wavuvi walimwona kiboko kwenye matete asubuhi ile. Ulinisimulia usiku, chini ya blanketi, jinsi ulivyomtazama yule mwigizaji wa mume kutoka Nairobi huku masikio yako yote yakiwa mgongoni. Mwongozaji alikushika mkono akakwambia hajawahi kuona kipaji kama hicho, nawe ukaona haya kumweleza.

Lakini uso huo niliuona tena, dada, na hapakuwa na mnyama yeyote. Nilikuja kukutembelea kwako wakati wa likizo. Tulikuwa jikoni, unanichagulia kipande kikubwa cha samaki, unanitania juu ya ndevu zangu mbili. Pikipiki ya mumeo ikalia getini. Ulirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo ukagusa ukuta, macho yako mlangoni, kijiko bado mkononi. Baadaye ulinipa lile tabasamu na kuniambia nile.

Na nilikuwepo ulipopeleka neno kwa wazee kwamba unataka kurudi nyumbani. Walikusikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Kisha mmoja akasema ng'ombe wa mahari walishapokelewa, na wenyewe wamekwisha kuwa masomo ya huyu, akaninyooshea mimi fimbo. Nilikuwa nimevaa sare ya shule. Hukunitazama. Nafikiri hukunitazama ili nisione aibu.

Sasa nikueleze nilichofanya, kwa sababu ndicho kilichotufikisha hapa. Katika kundi lile mtu mmoja aliuliza, kwa nia njema kabisa, huyu dada yuko wapi siku hizi. Mwingine akasema ingefaa atafutwe, apewe heshima zake akiwa hai. Nikafikiri, wakiona kwamba hukuwa lolote, wataacha. Nikaketi nikaandika maneno marefu, kwa uangalifu kama ninavyoandika barua za ofisi. Niliandika kwamba ulikuwa umesimama kama mti, kwamba sauti yako haikuwa na uhai, kwamba mtu yeyote aliyetiwa unga usoni angefanya vilevile, na kwamba haishangazi hukuonekana tena. Dada, kila neno lilinichoma. Nilikuwa nawatukania yule msichana aliyenifundisha kusimama bila kupepesa.

Kumbe mashabiki ukiwaambia wanachokipenda ni kibaya, ndipo wanapoamka. Waliniita kijana asiyejua sanaa, mtoto wa juzi, mtu aliyesoma mpaka akapoteza macho. Mmoja aliniuliza kama mama yangu alininyonyesha mbele ya redio. Kisha wakaanza kukutetea. Walichukua maneno yangu wakayasambaza nje ya kundi ili watu zaidi waje kunijibu, na wakaja. Ndani ya wiki moja uso wako ulikuwa kila mahali, na chini yake maneno yaleyale: tumtafute, tumwonyeshe kwamba hatujamsahau. Mimi ndiye niliyekufanya ukumbukwe. Nilikaa na simu mkononi nikiona moto unaenda, na kila nilichofikiria kukifanya kilikuwa ni kuni.

Ndipo wakampata yeye.

Kwenye video waliyotumiana ameketi kwenye kochi, amevaa shati la kanisani, amepakata picha yenu ya harusi. Anasema mkewe aliondoka bila kusema, kwamba amekwisha kusamehe, kwamba sahani yako bado inawekwa mezani. Halafu analia. Analia vizuri, dada. Anasubiri kidogo, anatazama chini, chozi linatoka, halifuti. Watu hawa, wanaoweza kubishana mchana kutwa kama ulipinda shingo mapema mno, hawakuona kitu. Mama Risper alijifuta macho na leso. Alisema, yawa, mwanamke anayeliliwa hivi na mumewe anatafuta nini huko nje. Na Okeyo, ambaye hawakubaliani hata juu ya chumvi, kwa mara ya kwanza alikubaliana naye. Alisema machozi kama hayo mtu hawezi kuyaigiza.

Jumanne alikuja masjala. Alipanga foleni kama watu wengine, akasubiri zamu yake, akaegemea kaunta. Hakuwa na shughuli yoyote. Alinisalimu kwa sauti ambayo kila mtu angeisikia.

"Shemeji, mbona umepotea hivyo?"

Nilimwambia kazi ni nyingi. Alitabasamu, akainama karibu. "Mwambie arudi tu," alisema polepole. "Sasa si mimi peke yangu ninayemtafuta."

Hakunitishia. Hakuna neno ambalo ningeweza kulipeleka polisi nikaliweka mezani. Aliniacha na wenzangu wakiwa wamesimama, wanashangilia, wananipiga mabegani. Kumbe wewe ni ndugu yake, omera, na ukajifanya hupendi! Mama Risper alinikumbatia. Alisema sasa anaelewa, nilikutukana kwa sababu ya uchungu wa kuachwa nawe. Waliniuliza uko wapi, kwa upole, kwa zamu, kila mmoja akiwa na hakika kwamba yeye ndiye nitakayemwambia. Nilisema sijui. Nimelisema neno hilo mara nyingi sana wiki hii, mpaka sasa nikilisema wananihurumia.

Jioni nilimvuta Okeyo kwenye korido nikamweleza. Si yote. Nilimweleza kuhusu jino alilokuvunja, na kuhusu ule mkono ambao ulisema umevunjika kwenye shimo la choo. Alivua miwani, akaiweka mfukoni, akaitoa tena. Hakuniuliza kwa nini sikusema mapema. Alilivunja kundi lake mbele yangu, palepale. Asubuhi yake kulikuwa na makundi mengine matatu, yenye watu walewale, wakiuliza ni nani aliyemlipa mzee avunje kundi. Okeyo amejaribu kuwaandikia. Wamemwambia mambo ya mke na mume hayana shahidi, na kwamba anataka umaarufu.

Na sasa sababu ya kukuandikia. Jana mtu ameandika kwamba amemwona mwanamke anayefanana nawe akiuza nyanya sokoni, upande wa kuelekea Sondu, na akalitaja soko. Amelitaja sawasawa, dada. Watu wengi wamemcheka na kusema mizimu haiuzi nyanya. Lakini yule mwanamume hakucheka. Aliweka alama ya kidole gumba chini ya maneno hayo, basi, hakuandika kitu.

Nimewaza kuja mwenyewe. Nimewaza kuacha kazi. Kila njia ninayoiwaza inaishia mahali ambapo yeye ananifuata mimi mpaka kwako. Kwa hiyo nimebakiwa na jambo dogo tu, na ndilo hili.

Jumapili hii ni sehemu ya mwisho. Mashabiki wamekodi turubai na skrini, wanakusanyika Asembo tangu mchana waitazame jioni, ufuoni palepale ulipoigizia. Wamemwalika yeye akae mbele, na hawezi kukosa, maana watamlilia. Wameniomba mimi niseme machache kama ndugu. Nimekubali. Unajua nilivyokuwa nikitapika kabla ya kusimama mbele ya darasa. Nimeanza kutapika tangu jana. Lakini nitasimama. Nitaeleza ulivyokuwa mtoto, nitaeleza shule, kwaya, kila kitu kisicho na maana, na nitakisema polepole. Nikiona anatazama saa, nitaanza habari nyingine. Wakati huo wote nitakuwa namwona kwa macho yangu, na wewe utakuwa njiani. Ondoka mara tu watu wakianza kurudi kutoka kanisani, wakati barabara imejaa. Usiage sokoni. Acha nyanya zako kwenye meza kana kwamba umekwenda haja.

Sijui utakwenda wapi, na nakuomba usiniambie. Nikijua, itaonekana usoni. Mimi sikupata kipaji chako. Mwanamke atakayekuletea barua hii pamoja na samaki hajui ujumbe wenyewe. Usimpe jibu.

Nimekukosa, dada. Kila Jumapili huketi na maadui wako wema nikikutazama ukiwa na umri mdogo kuliko wangu wa sasa, na hujui lolote bado, na ninatamani kuingia mle ndani nikushike mkono kabla ya harusi. Kisha matangazo ya sabuni yanaanza.

Usinipigie simu, namba yangu yeye anayo, na wenzangu wote wanaitazama simu yangu kuliko mimi. Usije Kisumu. Ukishapata pa kulala, mtume mtu yeyote asiyekujua vizuri mpaka Mamboleo, kwa yule fundi cherehani mwenye kilema cha mguu aliyekuwa akimshonea Mama. Bado yupo, hana televisheni, na hapendi maswali. Huyo mtu aseme amekuja kuulizia gauni la mama mmoja. Akisema ni la buluu, nitajua uko salama. Akisema halikushonwa vizuri, lirudiwe, nitajua yule mwanamume amekupata, na nitakuja na Okeyo na yeyote nitakayempata njiani, potelea mbali kazi. Asitaje jina. Fundi nimekwisha kuzungumza naye. Nitapita kwake kila jioni nikitoka ofisini, nitakaa kwenye benchi kama mtu anayesubiri suruali, na asiponiambia kitu nitapita tena kesho yake.

Ni mimi, mdogo wako.