Kocha Asiyenipa Mkono

Lurambi, Kakamega
Alhamisi

Mdogo wangu Emily, Mama Griffin,

"Mwanamke aliyepita miaka hamsini akionekana anakimbia alfajiri, kuna mwanamume anayemkimbilia." Hayo ni maneno ya shemeji Bramwel, aliyoyasema Jumapili iliyopita mbele ya watu waliotoka kanisani huko Musanda, Biblia ikiwa kwapani. Nitayajibu. Lakini mama yetu hakutulea tuanze barua kwa ugomvi, kwa hiyo nakusalimu kwanza. Hujambo wewe? Miguu inaendeleaje, uvimbe umepungua? Baba Griffin hajambo, na miwa yenu imekatwa au bado mnangoja zamu? Huku kwetu tu wazima. Osundwa anakohoa kidogo kwa sababu ya mvua, duka langu la vitabu linajikokota, na mimi nina nguvu kuliko mwaka jana. Hizo nguvu ndizo zilizoniletea kesi.

Ninakuandikia kwa kalamu kwa sababu tangu Jumatatu hupokei simu zangu. Huenda hujui, au huenda unajua sana, kwamba Bramwel ameita kikao cha ukoo Jumamosi nyumbani kwake. Mume wangu Osundwa, ambaye ni ndugu yake, ameambiwa aje na mke wake ajieleze. Wanataka nitaje mwanamume, na wanataka niache uwanja.

Nianze na hoja yake. Bramwel ni mkubwa kuliko mimi kwa miaka sita. Mwezi wa Aprili alikimbia mbio za kanisa za kuchangia paa, akafika wa mwisho, akabebwa juu juu kama aliyeleta kombe. Hakuna aliyeuliza anamkimbilia nani. Mwanamume akitoka jasho ni mwanariadha, mwanamke wa umri huohuo akitoka jasho ni malaya. Nimesoma vitabu vingi katika duka langu, vya watu ninaokubaliana nao na vya watu ninaotaka kuwazaba kofi, na sijaona palipoandikwa kwamba moyo na mifupa ya mwanamke vinastaafu siku hedhi inapokoma.

Atasema pia, kama anavyosemanga kila mahali, kwamba jembe ni mazoezi tosha na kwamba nyanya zetu hawakuvaa raba. Emily, mama alilima tangu utotoni. Alibeba kuni, maji na sisi wawili. Kisha akateleza mlangoni pa jikoni na sufuria ya mboga mkononi, kuanguka kwa mtu aliyekuwa amesimama tu, na nyonga ikavunjika. Mimi na wewe tulimgeuza kitandani katika kile chumba cha nyuma hadi alipotuacha. Jembe lilimpa chakula. Halikumpa nyonga. Bramwel alikuja kwenye mazishi akasema ni uzee. Mama alikuwa na miaka sitini na mmoja.

Mwaka jana nami nilijikwaa dukani kwenye katoni ya madaftari. Sikuanguka kwa kishindo, nilianguka kama mtu anayekaa chini, na mkono ukavunjika kifundoni. Daktari alitazama picha, kisha akaniuliza kama mama yangu aliwahi kuvunjika nyonga. Ndipo akanieleza kwamba mifupa ya wanawake wengi huanza kupungua uzito tukifika umri huu, kwamba dawa itasaidia, lakini mfupa usiobebeshwa uzito kwa mpango, baada ya umri huu, hulegea. Akanipeleka kwa mtaalamu wa viungo. Huo ndio mwanzo wa uwanja. Hakuna kingine.

Sasa tuko wanawake tisa, katika uwanja wa shule ya msingi karibu na hapa, kabla wanafunzi hawajaingia. Yupo Moraa, mwuguzi, na Milcah wa kwaya, na wengine usiowajua. Tunatembea haraka, tunainua madebe ya mchanga, tunachuchumaa na kuinuka, tunasukuma ukuta wa darasa la nane kana kwamba tunataka kuuhamisha. Moraa hutuhimiza tusukume vizuri, mwalimu mkuu aamke akute shule iko Bungoma. Siku Milcah alipoinua debe lake bila kusaidiwa alipiga kelele hadi mlinzi akaja mbio na rungu. Nilikuwa nimesahau kwamba wanawake wazima wanaweza kucheka hivyo bila kuwa kwenye harusi.

Anayetufundisha ni mwanamume, hilo silikani. Huvaa kofia ya buluu na kuivuta hadi kwenye nyusi. Na kuna jambo la ajabu kumhusu ambalo kila mtu ameliona. Wale wanane huwasalimu kwa mkono, mmoja mmoja. Mimi hanipi mkono. Nikija upande huu wa uwanja, yeye huenda ule. Nikikosea haniambii mimi, humwambia Moraa: "Mwambie huyo mama asikunje mgongo." Nami nasikia kila neno, lakini namjibu Moraa kwamba amwambie nimesikia.

Milcah ndiye aliyeanza kuchokora. Asubuhi moja alitangaza kwamba mwanamume anayemkwepa mwanamke mmoja kati ya tisa ana jambo na huyo mmoja. "Sisi wote anatushikanga mikono," akasema, "lakini Mama Sylvia anamwogopa kama jiko la moto. Wazee wakipendana wanajifichanga hivyo." Wakacheka. Mimi nikacheka kuwazidi, na Moraa akanikazia macho kwamba nimezidisha.

Kuanzia siku ile sikumwamini mtu. Mwuza mandazi langoni alinisalimu kwa kirefu mno, nikajiuliza ametumwa na nani. Mlinzi aliacha kusinzia nilipopita. Hata Osundwa, ambaye kwa miaka ishirini na minane hajawahi kuuliza niendako, alianza kutaka kujua kila asubuhi leo tulikuwa wangapi. Siku moja nilimkuta ameshika kiatu changu, anatazama soli yake kama mtu anayesoma gazeti. Nikamwuliza anatafuta nini. Akasema anaangalia kama raba imelika. Raba yenyewe niliinunua mwezi uliopita, na yeye ndiye aliyenisindikiza dukani.

Kwa hiyo habari ilipofika Musanda, nilianza kumtafuta aliyeipeleka. Kwanza nilimkamata Milcah. Nilimweka pembeni ya choo cha walimu nikamkaba kwa maswali. Aliapa kwa marehemu baba yake kwamba hajui hata njia ya Musanda, na kwamba utani wake ulikuwa utani. Sikumwamini, hadi Osundwa aliponirudishia maneno ya Bramwel yote, pamoja na yale aliyokuwa amenificha. Bramwel alisema huyo mwanamume hata uji wa wimbi ananiletea, kwenye chupa ya chai, na kuuacha chini ya mlingoti wa goli.

Hapo nilikaa chini. Emily, chupa ile hufika kabla ya wanawake wengine. Mimi huichukua na kuitia kwenye mfuko wangu, na hakuna aliyewahi kuiona. Nilimweleza mtu mmoja tu duniani, kwa simu, nikicheka, na yeye huku kwake nilimsikia akipepeta maharagwe.

Sikuulizi kama ni wewe. Najua mnakutana na Bramwel siku ya soko, na najua anavyojua kukuita shemeji kwa sauti tamu hadi mtu amwage kila kitu. Ninachokuuliza ni kwa nini ulimwaga. Nimekuuliza mara ngapi kama umepimwa presha, nawe unanigeuzia mazungumzo kuwa ya miwa? Nimekuambia mara ngapi uje ukae kwangu wiki moja, unasema magoti hayakuruhusu, kana kwamba magoti ndiyo waume zako? Nadhani ilikuwa rahisi kwako kuamini kwamba dada yako ana mwanamume kuliko kuamini kwamba mwanamke wa umri wetu anaweza kuamka mapema kwa ajili ya mwili wake mwenyewe. Au uliogopa kwamba nikiendelea nitakuvuta na wewe. Kama ni hilo, hukukosea.

Sasa nisikilize vizuri.

Mwenye kofia ya buluu ni Kiprono. Ndiyo, Kiprono wa Sylvia. Mkwe wangu.

Siku ile nilipopelekwa kwa mtaalamu wa viungo, pazia lilivutwa nikamwona yeye na koti lake jeupe. Nilijua anafanya kazi hiyo, sikujua kwamba wamemhamishia kituo kile. Naye akaniona mimi, bega wazi, mkono umening'inia. Sote tuligeuka. Yeye alitazama kalenda ukutani, mimi nikatazama ndoo ya taka. Ningeondoka, lakini vidole vyangu vilikuwa vimekakamaa kama vya maiti na mtaalamu mwingine hakuwepo. Akamwita Moraa. Moraa akawa mikono yake. Yeye aliielekeza kalenda, na Moraa akanikunja na kuninyosha, huku amejiuma mdomo asicheke. Hivyo ndivyo nilivyopona.

Alipoona wanawake wa umri wangu wanafika kila wiki na mikono na nyonga zilizovunjika, akafikiria uwanja, bila malipo. Alimtuma Sylvia aniulize kama nitaona nimevunjiwa heshima akiwafundisha wengine nami nikiwepo. Nilikaa na swali hilo siku kadhaa. Kisha nikamkumbuka mama katika kile chumba cha nyuma, nikasema nitakuja.

Uji huo unapikwa na binti yangu. Unaachwa chini ya mlingoti kwa sababu mwenye kuuleta hawezi kuutia mkononi mwangu. Hanisalimu kwa mkono kwa sababu kwa mila mkwe haruhusiwi kumgusa mama mkwe wake. Anahama upande kwa sababu ananiheshimu. Kila mlichokiona kuwa dalili ya uzinzi kilikuwa adabu, na watu waliolelewa katika adabu hiyohiyo hawakuitambua, kwa sababu walikuwa wameshaamua mwanamke wa miaka hamsini na miwili anatafuta nini nje.

Lakini mimi na wewe tunajua kwamba kwa ukoo hili ni baya zaidi. Mwanamume wa nje wangenikemea, wangemlaumu Osundwa, mambo yakaisha. Mama mkwe kuchuchumaa na suruali ya mazoezi katika uwanja ambao mkwe wake amesimama, hilo wanaweza kulifanya kuwa sababu ya kumkataza Kiprono asikanyage kwetu, na Sylvia akabaki katikati. Nilimweleza Osundwa juzi. Alitoka nje akawamwagia kuku mahindi hadi debe likaisha. Aliporudi alisema bora angekuwa mwanamume mwingine, hapo yeye Osundwa angejua namna ya kunitetea. Sijui Jumamosi atakaa upande gani. Sylvia alilia kwenye simu, akanisihi nitembee hapa nyumbani tu, kuzunguka mgomba. Kiprono alinitumia neno kupitia kwake kwamba nikitaka ataacha kuja, uamuzi ni wangu, ila mifupa haitangoja kikao kiishe.

Utajiuliza kwa nini nakuambia wewe, ambaye mdomo wako ndio ulionifikisha hapa. Ni kwa sababu hiyohiyo. Barua hii naituma leo kwa matatu, na najua itafika Musanda kabla ya Jumamosi. Jina la Kiprono litajulikana tu, na sitaki walipate vipande vipande kutoka langoni mwa shule. Nataka walisikie kama nilivyoliandika, na wewe ndiwe utakayewasomea.

Nisalimie Baba Griffin, mwambie vitabu vya Griffin nimemwekea. Wasalimu majirani wote huko kwenu Matungu walionitakia mema, na wale wasionitakia wasalimu pia, wajue bado napumua. Nakupenda, Emily, ndiyo maana nakutukana kwa barua ndefu. Njoo Jumamosi. Kaa kando yangu, si kando ya Bramwel, na useme kwa kinywa chako kwamba habari ya uji ilitoka kwako na kwamba hukuwahi kuuona uwanja huo. Kisha tutarudi pamoja Lurambi, na Jumatatu utapimwa presha, utake usitake.

Na wewe shemeji Bramwel, kwa kuwa najua unasomewa, sogea karibu. Sikejeli mila. Nimezaliwa ndani yake na nimeilinda miaka yote, hata pale uwanjani. Mkiona suruali yangu inadai mbuzi wa faini, mbuzi nitaleta, na nitamshika kamba mwenyewe. Uwanja siachi. Ila kuna jambo moja nalidai kwako kabla hujafungua kikao. Mwite mke wako Khalayi atoke jikoni, ambako atakuwa ameinama juu ya sufuria ya kuku, ingokho yenu, yeye ambaye tangu Krismasi hainuki kwenye kigoda bila kushika ukuta. Muulize mbele ya wote kama anataka kuja kufanya mazoezi pamoja nasi. Muulize wewe mwenyewe. Kisha nyamaza, umwache ajibu.

Ni mimi dada yako,
Jescah, Mama Sylvia