Kompyuta ya Rajabu Imeolewa Korogwe

Nyinyi watu mmepotea wapi? Tangu matanga ya mwanangu yaanuliwe sijaona hata kivuli cha mtu humu. Msiniambie eti mlikuwa mnaniacha nipumzike. Mlango wa mfiwa haungojwi ufunguke, unagongwa. Haya, ingieni, kaeni. Sina kinyongo nanyi.

Leo ni Jumatano. Hapa Kang'ata mawingu yametanda tangu alfajiri na hayajadondosha hata tone. Mahindi yamekunja majani. Na mimi nimejikunja.

Kwa wageni: mimi shule sikwenda, hata mlango wake siujui. Haya mnayosoma humu mtandaoni nilikuwa nayasema kwa mdomo, mwanangu Rajabu anayaandika. Alikuwa akiiweka kompyuta yake juu ya kinu kilichopinduliwa, anaiachia inase sauti, mimi nachambua mchicha huku naropoka. Baadaye anakaa peke yake, anasikiliza, anaandika. Rajabu amefariki, Mungu amrehemu. Sasa anayeandika ni binti yake, Zuhura, na ninyi mkiona herufi zimekaa upande, jueni mtoto alikuwa anafuta machozi.

Kwetu matanga yakianuliwa, vitu vya marehemu havilali tena nyumbani. Vinagawiwa mbele ya ukoo siku hiyohiyo. Kanzu ilikwenda kwa mdogo wake, panga kwa mpwa wake, na kompyuta tukampa Zuhura, maana ya kazini kwake Korogwe ilikuwa imekufa. Nguo zote tulizikung'uta mifuko kwanza. Ndiyo desturi, isije ikaondoka na siri au riziki ya mtu. Tukakuta karanga na kipande cha penseli.

Kompyuta hakuna aliyeikung'uta. Nani angejua nayo ina mfuko?

Wiki hii sauti ya Rajabu imeanza kunitoka masikioni. Nasema kweli. Uso ninao, mwendo ninao, ila sauti naitafuta asubuhi nikiamka, siipati. Nikakumbuka kinu. Nikampigia Zuhura: nakuja, nifungulie nimsikie baba yako. Akaniambia hazifunguki. Kumbe yeye hakuwa na moyo wa kuyafungua mambo ya baba yake, na kompyuta ilikuwa tayari imeunganishwa na mtandao wa ofisi. Tangu hapo vya baba yake havionekani.

Jana nikashuka Korogwe. Sikunywa hata chai.

Fundi wao ni binti mmoja anaitwa Neema, wazee wake walikuja zamani kukata mkonge. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia, nikamwambia palepale, "Mwanangu umempeleka wapi?"

Maskini, alishtuka! Lakini hakukimbia. Akavuta kiti, akasema, "Bibi, hii kompyuta ilipokuwa nyumbani ilikuwa inajitawala. Hapa zote zinatii mashine moja kubwa, ile kule chumbani. Wenyewe tunaita domeni. Nimeiandikia jina la domeni, mkubwa wa mtandao akaidhinisha, ikazima, ikawaka. Sasa inafungua kwa jina ambalo ofisi inalijua. Ni kama mwali aliyeolewa."

"Mwali aliyeolewa hamsahau baba yake," nikamwambia.

"Na hii haijamsahau, Bibi. Ila huku ukweni haiitwi kwa jina la kwao. Chumba cha marehemu kimo ndani, tena hakina kufuli. Kinataka kuitwa tu."

Halafu akainamisha kichwa. Akasema kanuni ya ofisi ni kufuta jina lisilo la mfanyakazi. La Rajabu alikuwa amepanga kulifuta Ijumaa, pamoja na vyote vilivyomo.

Ijumaa hii.

Nilimkamata mkono. Sikumkamata kwa ubaya, ila nadhani nilimuumiza. Nikamwambia, "Basi mwite. Mwite sasa hivi, kabla hamjamzika mara ya pili."

Neema akaitoa kompyuta kwenye jina la Zuhura. Akaandika kwanza jina la kompyuta yenyewe, kuiambia kwamba aingiaye ni wa nyumbani, kisha akaandika Rajabu. Kidude kikazungukazunguka katikati ya kioo. Mimi nasoma Yasini moyoni. Mara kioo kikafunguka, na ile picha ya mbuzi wangu mweusi aliyoiweka Rajabu kunitania ikanitazama.

Zuhura akatoka nje.

Sauti zote zilikuwepo. Neema akazihamishia kwenye flashi, tena akazirudia kwenye nyingine, akanifungia kwenye ncha ya khanga. Mungu ambariki yule mtoto. Nikamwambia, "Sasa washa moja nisikie."

Nikasikia. Mwanamke anasema. Anasema juu ya nyani, juu ya jirani, juu ya bei ya sukari, hapumui. Ni mimi. Nikasema weka nyingine. Ni mimi tena. Kuku wanalia, mimi nasema. Mwanangu nilimngoja kama mtu anayengoja maji ya bomba. Anaguna tu, "Ehe." Mahali pamoja anacheka kidogo, nami nacheka juu ya kicheko chake, nakifunika. Mahali pengine anaanza, "Mama, mimi leo..." Nami namwambia, "Subiri kwanza nimalize." Akasubiri. Nilipomaliza nilimtuma maji.

Leo yake sijui ilikuwa nini.

Sasa ninalo lile "Ehe." Zuhura kanionyesha pa kubonyeza kwenye simu. Nimelisikiliza leo mpaka chaji imekwisha, na sauti imenirudia, ila imerudi kidogo, haijai hata kiganja.

Kwa hiyo ukija tena hapa, usije mikono mitupu, wala usiniletee pole, pole ninazo. Kama Rajabu alisimama kwenye arusi yenu akasema neno, kama aliwahi kukutumia ujumbe wa sauti akiulizia mbegu au pancha ya baiskeli, usiufute. Mpe Zuhura anihifadhie. Hata kama alikuwa anakugombeza. Hata ikiwa ni "haloo" tu. Wewe lete, mimi nitanyamaza.