Herufi Moja ya Kujaza Nafasi

9 Februari

Kwa dada,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Hujambo? Mgongo umepoa? Mimi ni mzima kama chuma cha pua, na uzuri wangu umezidi mpaka kinyozi anasema kuninyoa ni kuniharibu. Mama hajambo, ila tangu uondoke anaongea na kiti chako, na kiti kinamjibu vizuri kuliko ulivyokuwa ukimjibu wewe.

Sasa ugomvi. Uliondoka hata wino wa kidoleni haujafutika, ukisema huwezi kuishi kwenye nchi inayomchagua yule. Mimi nilikucheka. Nimeacha kucheka. Hapa kijiweni kwa kinyozi, sisi wote tuliompa kura mtu wetu akashindwa, tumeamua kuhama nchi. Kinyozi, mama fundi cherehani, muuza vipuri, na mimi kichwa cha msafara. Tunakodi basi, tunaondoka mchana kweupe watuone, na kabla ya hapo tunatundika bango la kitambaa, maandishi mekundu. Unajua nani analiandika. Mji huu una mwandishi wa mabango mmoja tu, wengine wote wanapaka rangi.

Niandalie kitanda. Mto mwembamba sitaki.

Mdogo wako asiye na mpinzani,
Brashi

21 Februari

Mdogo wangu mwenye mdomo,

Salamu zimefika, na ugomvi pia. Mgongo bado unauma, maana mashuka ya hoteli ninayoyafua hayaishi. Mwambie mama ninakula na ninalala, na akiacha kuongea na kiti nitamwandikia mwenyewe.

Usidhani nilikuja huku kutembea. Uchaguzi wa tatu huo nimesimama kituoni, wakala wa chama chetu, nikilinda kura tangu alfajiri, na mara zote nimerudi nyumbani nikilia. Safari hii hata majirani wakaja kucheza mlangoni kwangu. Nilichoka, Brashi. Basi.

Hoteli inatafuta mtu wa kupaka rangi vyumba. Nimemwambia msimamizi nina mdogo wangu. Atakungoja mpaka mwisho wa Machi. Njoo. Bango liache huko, uje na koti.

Dada yako

2 Machi

Dada,

Pokea salamu ukiwa umekaa. Mama mzima. Mimi mzima, ila nusura nife kwa aibu.

Bango lilitakiwa kusema TUNAHAMA NCHI HII. Nikapima, nikachora kwa chaki, nikarudi nyuma kutazama. Nikaona TUNAHAMA limekaa kwenye kitambaa kama mtoto aliyevaa shati la baba yake. Nafasi imebaki kubwa. Mimi fundi, siachi nafasi wazi. Nikafuta A ya mwisho, nikachomeka I moja nyembamba, ya kiungwana, kisha nikairudisha A. TUNAHAMIA. Nikaona limependeza, tena limekuwa kama limesoma. Unajua mimi na shule tuliachana darasa la sita, na shule ndiyo iliyoanza.

Nikapaka rangi. Tukalitundika kwenye lango la soko. Haukupita muda wakaja askari wawili, wameambiwa kuna watu wanaitukana nchi. Mkubwa wao akasoma kwa sauti, "Tunahamia... nchi hii." Akasoma tena. Akamgeukia mwenzake, "Sasa hawa tuwakamate kwa kosa gani? Kuhamia?" Akamwuliza kinyozi, "Nyie mnatoka wapi?"

Kinyozi anatetemeka mpaka mkasi unalia mfukoni. "Hapa hapa, afande."

Afande alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Basi karibuni sana!"

Soko zima likapasuka kwa kicheko. Nilitamani kujificha ndani ya kopo la rangi. Aliyekuwa hacheki ni mama fundi peke yake. Alisimama chini ya bango, utepe wa kupimia shingoni, akasema, "Hivi mtu akihamia nyumba anafanya nini? Si anafungua bomba aone kama linatoa maji? Si anauliza funguo ziko kwa nani? Mimi nimezaliwa hapa, na sijawahi kuuliza funguo hata siku moja."

Kinyozi akasema, "Choo cha soko." Kile kilichofungwa siku ile ile ya kuzinduliwa! Kesho tunakwenda kwa diwani, ndiyo, yule wa chama kilichotushinda, kuulizia ufunguo.

Basi limeahirishwa kidogo. Nitakuja, ila niache nikione choo kwanza.

Mdogo wako, bingwa wa herufi,
Brashi

15 Machi

Brashi,

Hujambo. Mama hajambo. Nimecheka barua yako mpaka msimamizi akaja kuuliza kama ninaumwa.

Nimemaliza kucheka. Choo kikifunguliwa, yule bado atakuwa ikulu, na wewe bado utakuwa huna kazi ya maana. Huyu bwana hatakungoja milele. Unakuja au huji? Nijibu kwa neno moja, na uliandike sawasawa.

Dada yako

28 Machi

Dada, shikamoo.

Siji.

Mdogo wako

11 Juni

Dada uliyeninunia,

Sijui kama hujambo, maana hujibu, hivyo ninakusalimu kwa sauti kubwa labda utasikia. Mama mzima, amekununia pia ili msipishane.

Choo kimefunguliwa! Diwani alisema ufunguo umepotea. Tukawa tunamrudia kila asubuhi: "Hodi, sisi wa kuhamia!" Mara ya kwanza tulikuwa kijiwe kizima, yaani wanne. Baadaye wakaanza kuja mpaka waliompigia kura yeye, maana kibofu hakina chama. Ufunguo ukaonekana, ulikuwa kwenye droo yake.

Tukaona kumbe kuuliza kunawezekana. Mama fundi akauliza, kamati ya soko inachaguliwa lini? Mwenyekiti ni shemeji wa diwani, na hakuna anayekumbuka alichaguliwa na nani. Tumeuliza mpaka wakachoka, na Jumamosi uchaguzi umefanyika, uwanjani, kila mtu anasimama nyuma ya mtu wake.

Dada! Mstari wa mama fundi ulizunguka soko ukapotelea kwenye kona. Wa shemeji ulikuwa na diwani, binamu wawili, na mzee mmoja aliyedhani ndiyo foleni ya choo. Kinyozi alihesabu akajihesabu mara mbili, na bado haikuhitajika. Tumeshinda! Mama fundi alibebwa juu juu akipiga kelele, "Nishusheni, nina nguo za watu!"

Najua, soko si nchi. Yule bado yuko, na picha yake inanitazama vibaya kila ofisi ninayoingia. Lakini mimi sijawahi kushinda kitu, dada. Nililia. Ukimwambia mtu nitakataa.

Mdogo wako, mshindi,
Brashi

27 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo, na mama hajambo? Sikununa. Nilikuwa ninaandika na kuchana.

Jumapili iliyopita huku walikuwa na uchaguzi wao. Wenzangu wa kufulia waliondoka kwa zamu kwenda kupiga kura, wakarudi wanabishana, huyu amefura, yule anaimba. Mimi nikabaki na mashuka. Nikatoa maoni yangu. Wakanisikiliza kwa upole, kama anavyosikilizwa mtoto wa mgeni, kisha wakaendelea. Hakuna aliyenikosea. Ila nilitamani hata mmoja anibishie.

Hayo ya soko nimeyasoma chumbani nikasimama peke yangu, sijui nilisimama kwa nini. Nimeshaaga kazini. Ninakuja. Mama asijue, ataanza kufua mapazia.

Dada yako

8 Julai

Dada,

Hujambo? Ninauliza kwa adabu tu, maana ninasikia unavyokoroma chumba cha pili, na mama ananyata asikuamshe. Barua yako ya kusema unakuja imefika leo asubuhi. Wewe umefika wiki iliyopita. Lakini barua isiyojibiwa ni utovu wa adabu, na mimi nimelelewa.

Nina habari ambayo huna. Jana, ulipotoka ofisini kwa diwani baada ya kumwuliza taa za barabarani, kisha mitaro, kisha kwa nini anakujibu akiwa amekaa, mimi nilibaki mlangoni ninapaka jina lake upya. Akatoka akijifuta jasho. Akaniuliza, "Brashi, niambie ukweli. Mliposhindwa nilidhani mtapungua. Mbona mnaongezeka?"

Nikamwambia azoee.

Mdogo wako,
Brashi