Fahali Aliyechomoka Al Ras

Kaka Kombo, salamu nyingi kutoka kwenye joto lisilo na huruma.

Leo nilimtembeza mama mzazi wa madam ninayemfanyia kazi huku ugenini, sokoni Al Ras, mpaka miguu ikanivimba. Mara fahali wa Idi akachomoka garini, watu wakatawanyika ovyo. Nikakumbuka ulivyonifundisha kwenye mchezo wa ng'ombe huko Pemba: usisimame njia panda, tafuta pahali pa juu penye mlango nyuma yako. Nikamvuta bibi hadi kwenye ngazi ya duka la viungo. Nikamwambia tuingie ndani, akakataa.

"Khalas, basi, hapa hapa! Nataka kumwona."

Fahali akapita karibu hata vumbi likatuingia machoni, akaangusha magunia ya ndimu kavu, kisha wenyewe wakamkamata mbele ya msikiti. Bibi alicheka mpaka akaketi juu ya gunia. Akanisogezea nafasi.

"Kaa nawe, Asha. Umechoka."

Tangu nifike huku hakuna aliyeniambia hivyo. Nikakaa, machozi yakanitoka.

Nibusie watoto. Mle Idi kwa furaha, na fungu langu mligawane.

Dadako, Asha